Posti ya chuki ikikufikia: ninavyofanya hapa Kaptembwa, Nakuru

Jioni moja mwezi uliopita, nikiwa karibu kufunga saiba yangu (duka la intaneti), shosho anayeuza nyanya mbele ya duka langu aliingia na simu ya mjukuu wake. Hakuketi. Alininyooshea ile simu akaniambia, "Mwanangu, hebu nisomee hii polepole. Ni sisi wanasema?"

Nikaisoma. Sentensi tatu, nusu Kiswahili, nusu lugha ya mama. Ilitaja steji yetu kwa jina, ikasema madoadoa (jina la chuki kwa watu wanaoonekana si wenyeji) yamezidi hapa na safari hii yatasafishwa kabla ya kura. Chini yake watu mia mbili na ushee walikuwa wameshaweka vicheko na vidole gumba.

"Ni sisi, shosho," nikamwambia.

Mimi nilikuwa na miaka 13 Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Tulilala Uwanja wa Afraha, mama na sisi watoto watatu kwenye blanketi moja, na ninachokumbuka zaidi hata kuliko moshi ni kikaratasi cha vitisho kilichowekwa chini ya mlango wetu siku chache kabla. Aliyekileta ilibidi atembee usiku na aogope mbwa. Siku hizi kikaratasi kinafika chenyewe kwenye simu, mchana kweupe. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, na tayari kila wiki kuna mtu anayeingia hapa dukani kuniuliza afanye nini na posti kama ile. Wengi huwa wameshaanzia mahali pabaya, kwa hiyo naandika hatua zangu kama ninavyozifuata.

Kabla ya kugusa chochote

Usijibu. Najua damu inachemka, lakini kila jibu unaloandika, hata la kukemea, linaipandisha ile posti mbele ya macho ya wengine. Usiifowadi kwenye kikundi cha kanisa au cha chama ukiuliza "mmeona hii?" Ukifanya hivyo umemsaidia aliyeiandika. Tena wewe uliyeinukuu kwa nia njema unaweza kufungiwa akaunti na yeye akaachwa, kwa sababu mashine imeona neno lilelile mikononi mwako.

Halafu hifadhi ushahidi kwanza, ripoti baadaye. Watu wengi hukosea hapa. Wanaripoti kwa hasira, posti inaondolewa au mwenyewe anaifuta, na wakifika kituoni hawana cha kuonyesha zaidi ya maneno yao.

Piga skrinshoti ya posti nzima, bila kuikata, jina la aliyeandika na saa vikionekana. Ikiwa ni ndefu, piga mbili au tatu zinazopishana. Kisha chukua kiungo: kwenye Facebook, bonyeza ile tarehe au saa iliyo chini ya jina, posti itafunguka peke yake na utaweza kunakili anwani yake. Fungua pia ukurasa wa mwenye posti na unakili kiungo chake. Jina hubadilishwa kwa dakika moja, leo ni la mwanamke, kesho ni la mwanasiasa, lakini akaunti inabaki ileile na mara nyingi kiungo kina namba inayoitambulisha. Kama ni video, andika dakika na sekunde ambapo maneno yanasemwa.

Mimi nina daftari la kawaida, kurasa 96, kwenye droo chini ya printa. Naandika tarehe, saa, nani aliniletea, kiungo, na nilichofanya. Ukiona ni kazi nyingi, jua kwamba Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulivyopatikana na kwa kifaa gani. Aliyepiga skrinshoti ndiye anayeweza kuyaeleza hayo vizuri. Skrinshoti iliyopita kwenye vikundi kumi haina mwenyewe.

Pima neno kabla ya kuliita chuki

Si kila tusi ni lugha ya chuki, na ukiripoti kila kitu utakataliwa kila mara hadi uchoke. Najiuliza maswali matatu: analengwa nani, anaitwa nini, na msomaji anaambiwa afanye nini.

Anayesema mbunge wetu amekula pesa za basari anamlaumu mtu kwa kazi yake. Hiyo ni haki yake, hata kama maneno ni makali. Anayesema watu wa kabila fulani wote ni wezi na hawafai kupewa nyumba za kupanga amevuka. Kipengele cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa kujieleza, lakini kinasema wazi kwamba uhuru huo haufiki kwenye uchochezi wa ghasia wala lugha ya chuki.

Kuna tofauti moja muhimu. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, inahusu chuki ya kikabila: rangi, asili, kabila, uraia. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kanuni za Facebook zinaenda mbali zaidi, zinagusa pia dini, jinsia na ulemavu. Chama cha siasa hakimo kwenye ulinzi huo. Kwa hiyo posti inayowatukana wafuasi wa chama, bila kugusa kabila lao, itakataliwa ukiiripoti kama chuki.

Kwa nini wanaondoa hii na kuacha ile

Jirani yangu wa kibanda cha pili anauza sabuni ya maji. Mwaka jana aliweka tangazo kwenye mtandao mmoja mkubwa: sabuni lita 5, inatoa madoadoa hata kwa shati jeupe la shule. Likaondolewa. Akaambiwa amekiuka kanuni za lugha ya chuki, akafungiwa kuposti siku tatu, na wateja wake wa shule walikuwa wakimtafuta wiki hiyo ya kufungua. Siku mbili baadaye niliripoti kwa mtandao uleule posti iliyosema madoadoa warudi kwao na magodoro yao. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa: haikiuki kanuni zetu.

Nilikasirika sana. Lakini ukielewa sababu utajua uandike nini kwenye ripoti. Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, ilitoa orodha ya maneno yanayotumika kuchochea chuki: madoadoa, kwekwe, mende, hata "hatupangwingwi" (hatupangiwi la kufanya), kaulimbiu ya kampeni. Neno kama hilo likiwa kwenye orodha ya mashine, mashine inalikamata popote, kwenye sabuni na kwenye shamba la mahindi. Na likiwa halimo, au limechanganywa na Kikuyu, Kikalenjin au Dholuo, linapita. Meta yenyewe, kampuni ya Facebook, Instagram na WhatsApp, iliwahi kuondoa maoni ya mtu kuhusu siasa za Kenya kwa sababu ya neno la Kikuyu "tugeges", ambalo ililihesabu kuwa tusi la chuki. Mwandishi akakata rufaa hadi Bodi ya Uangalizi, inayopitia maamuzi ya Meta, na Meta ikakubali ilikosea, ikayarudisha.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Agosti, mashirika ya Global Witness na Foxglove yalipeleka Facebook matangazo ya majaribio yenye wito wa ukatili wa kikabila. Ya Kiswahili yalikubaliwa. Ya Kiingereza yalirudishwa kwanza kwa sababu ya sarufi na matusi. Yaliporekebishwa, nayo yakapita. Watafiti waliyaondoa wenyewe kabla hayajaonekana na mtu. NCIC ikaipa Meta siku 7 ijirekebishe. Mwezi mmoja kabla, utafiti wa Mozilla ulikuwa umeonyesha video 130 za TikTok za siasa za Kenya zenye chuki na uongo, zilizotazamwa zaidi ya mara milioni 4.

Na ripoti yako ikimfikia binadamu, mfikirie huyo binadamu. Kazi hiyo ya kukagua posti ilikuwa ikifanyiwa Nairobi, kwenye kampuni ya Sama iliyopewa kazi na Meta. Daniel Motaung, aliyeifanya, aliwashtaki Sama na Meta Mei 2022, na Machi 2023 wenzake wengine nao wakaenda mahakamani, kesi ambayo baadaye ilifikia watu 184. Ni watu waliokuwa wakitazama mauaji kutwa nzima. Huyo hajui steji yetu iko wapi, na hana muda wa kutafuta.

Sasa ripoti

Kwenye Facebook ni zile nukta tatu juu ya posti. Kwenye maoni ya chini, bonyeza na ushikilie. Kwenye TikTok ni mshale wa kushiriki, kisha alama ya bendera. Ripoti kitu chenyewe: kama uchochezi uko kwenye maoni, usiripoti ukurasa mzima.

Chagua sababu kwa makini. Posti ikitishia watu, ikitaja mahali au siku, chagua ukatili au uchochezi, usichague chuki. Januari 2025 Meta ilitangaza kwamba mashine zake zitaelekezwa kwenye makosa mazito, na yale iliyoyaita madogo yatasubiri mtu aripoti. Ukiliweka tishio la kuhamisha watu kwenye fungu la matusi, umelipeleka kwenye foleni ndefu.

Penye nafasi ya kuandika maelezo, andika kama unamwelekeza mgeni. Kwa ile ya shosho niliandika hivi:

"Neno madoadoa hapa halimaanishi uchafu wa nguo. Bonde la Ufa linatumika kuwaita watu wa makabila yanayoonekana si wenyeji, na limetumika kwenye vurugu za kikabila tangu miaka ya 1990. Limo kwenye orodha ya NCIC ya Aprili 2022. Posti inataja steji ambapo watu hao wanafanya biashara, na inasema watasafishwa kabla ya kura. Ni wito wa kuwafukuza."

Nikaandika hivyohivyo kwa Kiingereza chini yake. Mara nyingi hakuna nafasi ya maelezo mwanzoni. Basi yaweke kwenye rufaa.

Usikusanye watu mia waripoti. Meta inasema idadi ya ripoti haiamui kama kitu kitaondolewa, na nimeona vijana wakitumia mbinu hiyo kumnyamazisha dada aliyekuwa anasema ukweli kuhusu ardhi. Ripoti moja iliyoelezwa inatosha, labda na ya pili kutoka kwa mtu mwingine anayeijua lugha.

Ukijibiwa "haikiuki", omba iangaliwe upya. Ukikataliwa tena kwenye Facebook au Instagram, unaweza kupewa namba ya kumbukumbu ya kupeleka Bodi ya Uangalizi, na una siku 15. Bodi huchukua kesi chache sana, lakini fomu yao ina nafasi ya kueleza, na mimi huijaza.

WhatsApp ni habari nyingine. Ujumbe umefungwa, hakuna anayeuona hadi mmoja wenu aripoti, na ukiripoti, wanatumiwa jumbe tano za mwisho kutoka kwa huyo mtu au kikundi. Kwa hiyo ripoti mara moja, kabla mambo ya mazishi na harambee hayajaifunika. Kama wewe ni admini, unaweza kumfutia mtu ujumbe wake kwa wanakikundi wote. Piga skrinshoti kwanza, futa, halafu mpigie simu huyo mtu faraghani. Nimewahi kumpigia mzee mmoja wa heshima, nikamwambia, "Baba, ile uliyotuma jana imemtia hofu mke wa jirani yako." Alinyamaza, kisha akaomba msamaha kwenye kikundi mwenyewe.

Tishio likiwa na siku na mahali, usingoje mtandao. Piga 999 au 112, mwambie chifu, mwambie mzee wa Nyumba Kumi (kikundi cha usalama wa mtaa). DCI, wapelelezi wa jinai, wana laini ya bure, 0800 722 203. NCIC wanapokea malalamiko ya maandishi. Peleka skrinshoti, viungo na tarehe, na uombe namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) ukienda kituoni.

Ile posti ya shosho niliiripoti usiku uleule, saa mbili na dakika kumi. Ilikataliwa kesho yake. Nilikata rufaa na yale maelezo, na siku ya sita ikaondolewa. Shosho aliponiuliza, nilimwonyesha simu, akatikisa kichwa na kurudi kwenye nyanya zake. Aliyeiandika ameshafungua akaunti nyingine yenye picha ya waridi, na posti yake ya kwanza inasema "kusafisha kunaendelea". Iko ukurasa wa 41 wa daftari. Nimeiripoti mara mbili, na ripoti ya tatu naipeleka leo nikimaliza kufunga.