Hina nyumbani: namna ya kuipaka ikolee sawasawa, bila mabaka

Kila Idd ikikaribia naletewa picha za mikono. Kiganja kimekolea katikati, kingo zimepauka. Kidole gumba chekundu, kidole cha shahada rangi ya karoti. Nyayo zina mabaka kama ramani. Na swali ni lile lile: "Dada, hina gani hii, mbona imenifanyia hivi?"

Mara nyingi hina haina kosa. Imepakwa kwenye ngozi yenye mafuta, imeachwa ikakauka na kupukutika, kisha imekoshwa kwa sabuni mapema. Huu ni mwaka wa 17 napaka hina hapa Unguja, maharusi na wasio maharusi, na nimeshasadiki jambo moja: rangi inataka muda na ngozi iliyoandaliwa. Haitaki kitu cha ziada bakulini. Nitaeleza hina nyekundu ya kujaza, yaani viganja, ncha za vidole na nyayo, kwa sababu hapo ndipo mabaka hayana pa kujificha. Kwenye maua, kasoro ndogo hupotea ndani ya mchoro.

Hatua ya 1: Hesabu siku kurudi nyuma

Hina haitoki na rangi yake. Ukiibandua utaona rangi ya chungwa, na wengi hapo ndipo wanapovunjika moyo, wanarudia kupaka juu kwa juu. Subiri. Rangi ya jani la mhina, wataalamu wanaiita lawsoni, huingia kwenye tabaka la juu la ngozi na kushikana na keratini iliyomo humo. Ikishashika, hewa ndiyo inayoiivisha. Kesho yake huwa kahawia, na baada ya siku mbili hufika kwenye damu ya mzee. Kwa hiyo kama shughuli ni Ijumaa, paka Jumanne usiku ulale nayo. Mpaka Ijumaa asubuhi itakuwa imeiva.

Hatua ya 2: Unga

Pale sokoni Darajani utaonyeshwa pakiti nyingi, na sehemu kubwa ya hina hiyo inatoka India, hasa upande wa Rajasthan, ambako mji wa Sojat unajulikana kwa zao hili. Usichague kwa picha ya biharusi aliyeko kwenye boksi. Fungua unuse. Unga mzuri unanukia majani makavu, na rangi yake ni kijani kilichofifia, kinachoelekea kwenye udongo. Kijani kinachong'aa sana kinanitia shaka kwamba kimetiwa rangi. Unga unaonuka dawa ya nywele uache pale pale. Na wa mwaka juzi, uliokaa rafuni juani, hata uuloweke vipi hautatoa kitu.

Gramu 100 zinatosha mikono na miguu ya mtu mzima, na zitabaki. Uchekeche kwa kitambaa cha shifoni au soksi ndefu ya nailoni mpaka vijiti vyote vibaki juu. Vijiti hivyo ndivyo vinavyoziba koni, kile kifuko cha nailoni chenye ncha cha kuchorea, katikati ya kazi.

Kabla ya kuchanganya, ngoja niseme lililo moyoni

Nyeusi si rangi ya hina. Jani la mhina halitoi weusi wa makaa, wala halitoi rangi iliyokamilika kwa saa moja. Ukiona hivyo, kuna kitu kimetiwa, na mara nyingi ni dawa ya nywele, ile tunayoita piko. Ndani yake mna kemikali inayofupishwa PPD. Ulaya wanairuhusu kwenye dawa ya nywele tu, tena isizidi asilimia 2 inapofika kichwani, na kuipaka kwenye ngozi hairuhusiwi. Piko linalochanganywa mitaani halipimwi na mtu.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimelifanya kwa mikono yangu. Mwaka wangu wa pili wa kazi, biharusi alitaka maua meusi, nami nikamchorea kwa dawa ya nywele kama nilivyowaona wakubwa wangu wakifanya. Siku ya tatu ya fungate somo wake, yaani kungwi wake, akaja kunigongea. Nilipoukuta ule mkono, kila ua nililolichora lilikuwa limevimba, limejaa maji, kama mtu aliyechorwa kwa mafuta ya moto. Alipona, lakini mchoro ulibaki miezi, alama nyeupe juu ya ngozi yake. Na mwili ukishaikataa PPD, huikataa maisha: mtu huyo akitia dawa ya nywele akiwa na miaka 50, kichwa kinaweza kumvimba. Tangu siku hiyo sijachora piko, na mteja akilishikilia namwambia aende salama.

Petroli, mafuta ya taa na tina pia vinatiwa ili rangi "ishike". Usivitie. Vinaunguza ngozi, na mvuke wake unauvuta wewe mwenyewe usiku kucha.

Hatua ya 3: Kuchanganya

Vipimo vyangu kwa gramu 100 za unga:

– maji ya ndimu mililita 125 (ndimu tano au sita, zichujwe nyuzi zote)
– maji ya kawaida mililita 125, na mengine kidogo ya akiba
– sukari vijiko viwili vya kulia
– mafuta ya lavenda vijiko viwili vya kulia

Zamani nilikuwa natumia ndimu tupu. Inafanya kazi, ila ngozi kavu inawashwa. Nusu kwa nusu inatosha kabisa.

Tia unga kwenye bakuli la plastiki au la kioo, mimina ndimu na maji kidogo kidogo huku unakoroga, mpaka upate kitu kizito kama viazi vilivyopondwa. Usifikishe uji bado. Tia sukari na mafuta, koroga tena. Sukari inaifanya hina ing'ang'anie ngozi na isikauke mbio. Mafuta ndiyo yanayotoa rangi ndani ya jani. Sisi huku tuna karafuu, na kiwanda cha Wawi kule Pemba kinakamua mafuta hata kutoka kwenye makonyo yake, vile vikonyo vyake, kwa hiyo kila mtu anakimbilia mafuta ya karafuu. Yanatoa rangi kweli, lakini ni makali. Matone machache pamoja na lavenda, sawa. Kijiko kizima, utaona wekundu ambao si wa hina. Mjamzito na mwenye ngozi laini simtii karafuu kabisa.

Chai ya rangi na kahawa havizidishi kitu. Kama bibi yako alikuwa anatia chai na unapenda kuendeleza mkono wake, tia, haidhuru.

Funika kwa nailoni, iguse hina yenyewe ili hewa isiingie, uweke jikoni pasipo jua. Kwa joto letu la nyuzi 28 hadi 32, saa sita mpaka nane zinatosha. Mtu aliyeko kwenye baridi, Ulaya au hata Arusha mwezi wa saba, aiache usiku mzima na zaidi. Usihesabu saa peke yake, ijaribu: weka punje kwenye kiganja, dakika tano, futa. Ikiacha alama ya chungwa iliyokoza, iko tayari. Utaona pia juu imegeuka kahawia na chini bado kijani. Hapo ongeza maji kijiko kimoja kimoja mpaka ianguke kutoka kwenye kijiko kama mtindi mzito. Ikishafika hapo usiiache mezani siku tatu, maana nguvu yake inaisha.

Hatua ya 4: Ngozi

Hapa ndipo mabaka mengi yanapozaliwa. Ngozi iliyokufa inabeba rangi nyingi, na ikibanduka inaondoka nayo. Kisigino chenye magaga kitakolea kwa mistari, pembeni kitabaki cheupe. Kwa hiyo siku moja kabla, loweka miguu maji ya uvuguvugu, sugua kwa jiwe la miguu, na mikono uisugue kwa dodoki. Anayetaka kujisinga, yaani kujisugua mwili kwa singo, na ajisinge siku hiyo, pia kunyoa au kutoa vinyweleo. Usifanye siku ile ile: ngozi iliyotoka kunyolewa inachoma, na singo ina mafuta.

Siku ya kupaka, kosha kwa sabuni, kausha vizuri, na usipake losheni wala mafuta ya nazi. Hata mafuta kidogo yaliyobaki kati ya vidole yanazuia rangi. Mimi humfuta mteja kwa pamba yenye maji ya ndimu kidogo, hasa pembeni mwa kucha na kwenye vifundo.

Kuhusu kucha: zinashika rangi na haitoki mpaka ziote upya. Ukucha wa mkono huota kama milimita tatu kwa mwezi, kwa hiyo hesabu hadi miezi sita. Kama hutaki, zifunike kwa rangi ya kucha isiyo na rangi kabla ya kuanza, pamoja na ukingo wake.

Hatua ya 5: Kupaka

Anza na miguu kama unajipaka mwenyewe, maana ukishapaka mkono mmoja umekwisha. Mkono wa kulia akupake mtu.

Chora mpaka kwanza kwa koni, mstari mmoja mwembamba kuzunguka sehemu unayotaka kujaza. Kisha jaza ndani. Siri ya rangi iliyo sawa ni unene ulio sawa: milimita mbili kila mahali, kama unene wa sarafu. Wengi wanarundika katikati ya kiganja na kupaka kingo kwa mabaki ya kidole. Katikati inabaki na unyevu saa nane, kingo zinakauka kwa nusu saa, na rangi ikikauka haiingii tena. Ukimaliza, nyanyua mkono kwenye mwanga uutazame kwa pembeni. Utaona mabonde. Yajaze.

Mistari ya kiganja nayo ina hila yake. Mwambie mtu anyooshe kiganja kabisa unapopaka, la sivyo akikifungua baadaye utakuta mistari myeupe inakatiza rangi.

Mgongo wa mkono hautakolea kama kiganja hata ufanyeje, kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba. Hilo si baka, ndivyo hina ilivyo, na mimi napenda tofauti ile.

Hatua ya 6: Kukaa nayo

Ikianza kukauka juu, baada ya dakika 20 hadi 30, chovya pamba kwenye ndimu na sukari uiguseguse, isilowe. Rudia mara mbili tatu. Usikae juani wakati huo, ndimu na jua vinaunguza ngozi na kuacha weusi. Kisha funga kwa karatasi laini ya chooni, halafu kitambaa au soksi ya pamba. Nailoni tupu kwa joto letu inaleta jasho, na jasho linaitembeza hina mpaka kifundo cha mkono.

Kaa nayo saa sita mpaka nane. Chini ya saa nne usitegemee damu ya mzee. Ngozi ikiwa ya joto rangi inaingia vizuri, ndiyo maana mama yangu alikuwa akituwekea mikono juu ya chetezo, mbali kidogo, akitutazama tusisinzie.

Hatua ya 7: Kubandua

Usikoshe. Narudia, usikoshe. Ikwangue kwa upande butu wa kisu cha mezani au kwa kadi ya zamani, iliyogoma ilainishe kwa mafuta ya nazi. Maji yasiguse kwa saa 12, ukiweza 24. Anayesali atie udhu kabla ya kupaka, na aipange hina yake baada ya Isha, aibandue Alfajiri. Kisha udhu hauna budi, basi apake mafuta ya nazi kwanza, atie udhu kwa maji tu bila sabuni, ajifute kwa kugusa.

Ukiona baka siku ya kwanza, usiliguse. Baada ya saa 48, kama bado limepauka, lipake hina hapo tu, ipite kidogo kwenye ukingo wa sehemu iliyokolea, ikae kwa saa nne. Kwa kawaida hulingana.

Baada ya hapo, mafuta ya nazi asubuhi na jioni, glavu ukifua kwa jiki. Itakaa wiki moja mpaka tatu, na kwenye nyayo ndiyo inayodumu.

Nani asipakwe

Watoto wachanga. Najua desturi, na najua furaha ya kumwona mtoto wa arubaini na vidole vyekundu. Lakini mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, jambo linalorithiwa na ambalo si geni pwani yetu, hina inaweza kuvunja chembe zake nyekundu za damu, na kwa mtoto mchanga hatari hiyo ni kubwa. Mara nyingi mzazi hajui kama mwanawe anao. Mtoto akishakuwa mkubwa, ua moja la kiganja linatosha, bila mafuta makali. Mtu mzima anayejijua ana upungufu huo aiache kabisa.

Hina iliyobaki itie kwenye koni, uzifunge vizuri, uzigandishe. Zinakaa miezi kadhaa kwenye friza. Siku ukiitaka, toa koni moja nusu saa kabla, ijaribu kwanza kwenye kiganja, na usiirudishe tena.