Maumivu baada ya oparesheni, usisubiri yakuzidi
Jamani kama umetoka kufanyiwa oparesheni, dawa ya maumivu meza kwa saa uliyopangiwa, usisubiri mpaka uanze kulia ndo utafute kidonge. Mi nilikaa nyumbani Mabatini, Mwanza, najikaza, usiku yakanishika mpaka nikashindwa kugeuka kitandani, na yakishapanda hivyo kuyashusha ni kazi kweli. Weka alamu kwenye simu. Parasetamo ya miligramu 500 mtu mzima asizidishe vidonge 8 kwa masaa 24, na dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamo ndani kwahiyo unaweza ukazidisha bila kujua. Diklofenaki, nayo ni ya maumivu, kula chakula kwanza ndo uimeze, hata uji. Ukipewa tramado, ile ya maumivu makali, kunywa maji ya kutosha na ule papai, maana choo kinakuwa kigumu halafu ukisukuma na mshono wa tumboni aisee utaona. Ukitaka kukohoa kumbatia mto pale kwenye mshono.

Na zile hasira za kushinda ndani huku wenzio wanaenda Kirumba kufata samaki, zipo kabisa, mwambie mtu wa nyumbani ukweli, mi nilimnunia mama wiki nzima na yeye ndo alikuwa ananiogesha. Homa ikipanda au mshono ukitoa usaha, rudi hospitali siku hiyohiyo.