Jinsi ya kumuuliza shosho stori za Mau Mau na asikunyamazie

Mi mara ya kwanza niliharibu. Nilienda kwa shosho huku Bahati, simu mkononi, nikamuuliza moja kwa moja, "shosho, ulipigana msituni?" Akasema zii, mimi nilikuwa napeleka chakula tu, akaenda kuangalia ng'ombe. Sasa hiyo "tu" ndio unafaa kuchimba.

Usianze na bunduki, anza na kazi. Chakula kilipikwa na nani usiku huo, kilibebwa ndani ya nini, na ukipatana na homgadi (wale askari weusi wa upande wa serikali ya mkoloni) njiani unamwambia unaenda wapi? Mara ya pili tulikaa tukimenya minji, simu iko juu ya kigoda inarekodi (omba ruhusa kwanza, usirekodi mtu wa miaka hiyo kisirisiri), ndio akanionyesha vile risasi zilikuwa zinaingia chini ya kiondo, maharagwe juu, alafu unapiga piga kiondo hivi ndio zisilie ukitembea. Alitumia minji zangu kunionyesha, zingine zikamwagika huko.

Miaka usimsumbue nayo. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952 ikaisha 1960, hiyo utajua wewe, yeye anahesabu na mimba ya nani, na kama ni kabla ama baada ya kufukuzwa kwa shamba la mzungu hapa Rift Valley wakarudishwa Central na malori.

Akikwambia vyeo vilikuwa vya wanaume, mtajie Muthoni wa Kirima, fildimasho (cheo cha juu kabisa) wa Mau Mau, aliyetoka msituni baada ya uhuru wa 1963 na rasta zake hazikukatwa mpaka 2022. Shosho yangu alicheka sana, ati huko msituni chawa ndio walikuwa majenerali.

Kiapo, kile cha siri cha kuingia Mau Mau, kiache mwisho. Stori za kizuizini, zile kambi walifungiwa, pia enda pole pole, na wanaume wakiwa hapo usiguse kabisa, coz kwa ile kesi ya Mau Mau dhidi ya Uingereza iliyofanya serikali yao ilipe wazee 5,228 mwaka wa 2013, Jane Muthoni Mara alieleza mateso ya kingono na hayo si maneno mtu anasema mbele ya mtoto wake. Akinyamaza, zima simu, mwekee chai, ongeeni mambo ya mvua.

Na rekodi ihamishe siku hiyo hiyo, kwa simu mbili. Yangu iliibiwa steji nikirudi tao na nusu ya stori, na shosho amekataa kurudia.