Unataka kusomea utunzi wa muziki chuo kikuu? Anza na wapigaji

Kazi ya kwanza niliyoipeleka kwenye mazoezi nikiwa mwanafunzi wa utunzi ilikuwa ya fluti, tarumbeta na selo. Kwenye kompyuta ilipendeza sana. Fluti ilishuka mpaka nota zake za chini kabisa, tarumbeta ikaja juu yake kwa nguvu ya wastani, na kila kitu kikasikika wazi kwenye spika. Siku ya mazoezi fluti haikusikika kabisa. Namwona mpigaji vidole vinatembea, pumzi inamwishia, sauti hakuna. Nota za chini za fluti ni nyembamba na laini, na haziwezi kushindana na ala ya shaba. Programu ya kuandikia nota humpandishia mpigaji sauti hata pale ambapo mapafu ya binadamu hayafiki.

Mazoezi yalipokwisha yule mpigaji akaniambia, "Njoo kesho nikuoneshe nota moja moja." Tukakaa chumbani saa moja na nusu, yeye anapuliza, mimi naandika na kurekodi. Karibu kila ninachomwambia mwanafunzi mpya siku hizi chanzo chake ni kikao kile.

Kwanza tuelewane kuhusu jina la fani. Watu wakisikia "muziki wa kisasa" hufikiria nyimbo za redioni. Chuoni maana yake ni muziki mpya wa kuandikwa: wa kwaya, okestra, vikundi vidogo vya ala, piano, na wa vifaa vya elektroniki. Utasoma upatanifu wa sauti, kontrapointi (kusuka sauti kadhaa zinazojitegemea), upangaji wa ala, historia, mafunzo ya sikio, na utakuwa na mwalimu wako wa utunzi wa kukutana naye ana kwa ana, mara nyingi kila wiki.

Kuhusu maombi sitasema mengi, kwa kuwa kila chuo kina masharti yake na lazima uyasome mwenyewe. Vyuo vingi huomba kazi mbili tatu ulizotunga, nota zake pamoja na rekodi, kisha usaili na mtihani wa nadharia na sikio. Ushauri wangu ni mmoja: tuma angalau kazi moja iliyopigwa au kuimbwa na watu, hata kama umeirekodi kwa simu. Wimbo wa dakika nne wa sauti mbili ulioimbwa na watu wenye pumzi unaonesha zaidi kuliko simfonia ya dakika ishirini iliyotoka kwenye kompyuta.

Kama umelelewa kwenye kwaya na unasoma solfa tu, usirudi nyuma. Sikio lako tayari limefanya kazi ambayo wenzako wengi watahangaika nayo. Jifunze nota za mistari mitano kila siku, dakika thelathini, ukianza miezi sita kabla ya mtihani. Usiishie kwenye ufunguo wa juu. Soma wa besi, kisha ule wa viola ambao C ya katikati ya piano inakaa kwenye mstari wa tatu. Na solfa usiitupe. Mpaka leo nikitaka kuhakikisha umbali kati ya nota mbili naimba do, mi, la kimoyomoyo kabla sijagusa piano.

Sasa jambo lenyewe. Nunua daftari gumu, kila ala ipe kurasa zake mbili. Usinakili kitabuni kwanza. Mtafute mwanafunzi anayepiga ala hiyo, umwombe saa moja, umuulize maswali haya: Nota gani ya chini kabisa? Wapi sauti inakuwa dhaifu, na wapi inapiga kelele hata asipotaka? Kipi hakiwezekani kwa mwendo wa kasi? Unahitaji kupumua baada ya muda gani? Kipi watunzi hukosea kila mara? Swali la mwisho ndilo lenye hazina, na kila mpigaji analo jibu lake tayari.

Daftari langu limejaa mambo ya aina hii. Violini inaishia G iliyo chini ya C ya katikati. Viola iko chini yake kwa nota tano, na selo iko oktava nzima chini ya viola. Klarineti ya B bemoli ukiiandikia C, inatoa B bemoli, kwa hiyo karatasi ya mpigaji lazima uiandike hatua nzima moja, kama do hadi re, juu ya unachotaka kisikike. Oboe iko kinyume na fluti: chini kabisa ndiko inakovuma, na kumwomba mpigaji aingie hapo kwa sauti ya kunong'ona ni kumtesa. Tromboni inateleza vizuri kutoka nota hadi nota, ila mkono una mwisho wake. Ukitaka mtelezo mmoja usiokatika, hauwezi kupita nusu ya oktava. Kinubi kina pedali saba, moja kwa kila jina la nota, na nota zinazobadilika-badilika haraka zinamfanya mpigaji acheze kwa miguu kuliko kwa mikono.

Kisha njoo kwenye sauti ngeni, maana hizi ndizo zinazowavuta wengi kwenye fani hii: upinde karibu na daraja la violini, kile kibao kinachoinua nyuzi, upinde juu ya ubao wa vidole, kugonga nyuzi kwa mti wa upinde, klarineti kutoa sauti mbili au zaidi kwa pumzi moja. Nazipenda mno. Lakini usiandike hata moja ambayo hujaisikia ukiwa mita mbili kutoka kwa mpigaji. Sauti zile za pamoja za klarineti hutegemea vidole vimewekwaje, tena hubadilika kati ya ala moja na nyingine. Andika mpangilio wa vidole juu ya nota, na ujaribu kwa wapigaji wawili tofauti. Ikikubali kwa mmoja tu, tafuta nyingine.

Zoezi lililonibadilisha sikio halihitaji kutunga chochote. Rekodi selo ikipiga A ya mizunguko 110 kwa sekunde, taratibu, upinde mrefu. Ndani ya nota hiyo moja kuna nyingine: 220, 330, 440, 550, 660, 770, zinaendelea kupanda. Ile ya 770 iko karibu na G, lakini G ya piano ni kama 784. Iimbe ya selo, halafu igonge ya piano, na tofauti utaisikia mwilini. Nilipoisikia ndipo nilipoelewa kwa nini kodi, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja, zilizopendeza kwenye piano zilibadilika rangi nilipozipeleka kwenye nyuzi. Mtunzi Mfaransa Gérard Grisey alijenga kazi nzima ya mwaka 1975, Partiels, kutokana na nota moja ya chini ya tromboni, E, akawagawia wapigaji sauti zilizomo ndani yake. Isikilize baada ya zoezi hili, si kabla.

Kusikiliza kwenyewe kuna namna yake. Chagua kazi moja kwa wiki. Mara ya kwanza sikiliza bila nota, mara ya pili na nota mkononi, kisha nakili ukurasa mmoja kwa penseli. Mkono huona ambacho jicho limepita. Na usiingie darasani ukidhani muziki uliokulea ni wa kuacha mlangoni. Mtunzi Mmarekani Steve Reich alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma kabla ya kukamilisha Drumming mwaka uliofuata, na mtunzi mwenzake György Ligeti aliisoma midundo ya Afrika ya Kati kwa makini kabla ya kuandika vipande vyake vya piano viitwavyo Études vya mwaka 1985. Kama umekua ukipiga makofi matatu juu ya mawili, hiyo ni elimu, iandike.

Kwa mwalimu wako nenda na karatasi kila wiki, hata kama ni vipimo vinane tu (vile visehemu vya muziki vinavyotengwa kwa mistari ya wima), na swali moja ulilolifikiria. Nilikuwa na mwalimu aliyekata kila mahadhi yangu yaliyoimbika. Iliniuma. Nilifanya mazoezi yake yote kikamilifu, kwa sababu yalinipa mbinu, na mahadhi yangu nikayahifadhi kwenye daftari jingine. Mawili kati yake yaliimbwa kwenye onesho langu la mwisho.

Yakikaribia mazoezi, karatasi za wapigaji zipe wiki nzima. Weka namba za vipimo na herufi kubwa kwenye mwanzo wa kila sehemu ya muziki. Ukurasa ufunguliwe mahali mpigaji ana mapumziko; mikono yake miwili ina kazi. Mpigaji akinyamaza vipimo thelathini, mwandikie kwa nota ndogo anachopiga jirani yake kabla ya yeye kuingia. Andika mwendo kwa namba, mapigo 72 kwa dakika, usiishie kwenye neno "polepole".

Ndani ya chumba, waache wapige mpaka mwisho kabla ya kusema neno. Ukizungumza, taja kwanza namba ya kipimo, halafu ala, halafu unachotaka: "Arobaini na moja, viola, upinde mdogo zaidi." Usieleze maana ya kazi yako muda unapokwenda. Rekodi kila kitu. Wakisimama kuondoka, omba karatasi zote, uende nazo. Tazama kila alama ya penseli: pale walipochora miwani, ishara ya "tazama vizuri", walipozungushia nota, walipoandika "hesabu!" Kaa nazo usiku huohuo na usahihishe kipimo kimoja kimoja, ili kesho wazikute karatasi safi.