Somo: Namna ya kujenga ushirikiano kati ya shule na kituo cha jamii cha mjini

Ndugu wanachama, somo hili nimeliandika kwa ajili ya walimu wa Kampala na miji mingine ya Uganda ambao shule zao zinataka kukisaidia kituo cha jamii katika mitaa kama Kisenyi, Katwe, Bwaise au Katanga. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mratibu wa ushirikiano wa namna hiyo na kituo kimoja cha bondeni, katika divisheni ya Kawempe. Ninachokiamini baada ya miaka hiyo ni kwamba kituo hakihitaji vitu vyetu kama kinavyohitaji turudi.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa ya mwezi wa Desemba. Tulifika na basi la shule, magunia ya nguo, sukari na sabuni, tukaimba, tukapiga picha, na kabla ya saa tisa alasiri tulikuwa tumeondoka. Mama mlezi wa kituo alitushukuru kwa heshima, kisha akanivuta kando na kuniuliza kama tungerudi shule zikifunguliwa Februari, kwa kuwa watoto walikuwa wamekwisha kuanza kumwuliza. Sikuwa na jibu la kumpa, na hatua zifuatazo zimetokana na swali lake.

Hatua ya kwanza: nendeni mikono mitupu, mkasikilize

Waende watu wazima wawili, bila wanafunzi na bila zawadi. Waanze kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa la ngazi ya chini kabisa, kwa sababu mgeni anayeingia mtaani bila kupitia kwake huwaachia wenyeji maswali ambayo kituo ndicho kitakachoyajibu, kisha waketi na walezi na kuuliza watoto huja siku gani, saa ngapi, nani hukaa nao, na ni jambo gani huvunja ratiba. Sisi tulidhani wanahitaji vitabu. Tulichoambiwa ni kwamba akina mama wengi wanauza sokoni Kalerwe, Jumamosi ndiyo siku yao kubwa ya biashara, na kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana watoto hukosa mtu wa kuwaangalia. Tukaambiwa pia kwamba mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, huujaza mfereji wa Nsooba hadi maji yakaingia ndani ya nyumba, hivyo ratiba isiyo na mahali pengine pa kukutania itakufa mvua ya pili. Mazungumzo hayo yaliyochukua muda wa saa mbili yalitupa mpango wote: kusoma na watoto Jumamosi asubuhi, kituoni wakati wa kiangazi, na katika ukumbi wa shule wakati wa mafuriko.

Hatua ya pili: hakikisheni uhalali

Ombeni kuona cheti cha usajili cha kituo, kwa kuwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2016 inavitaka hata vikundi vidogo vya jamii visajiliwe katika ngazi ya wilaya. Kwa upande wa shule, pateni idhini ya maandishi ya kamati ya usimamizi ikiwa ni shule ya msingi, au ya bodi ikiwa ni ya sekondari, na wazazi waelezwe katika mkutano wao. Mpango unaotegemea ukarimu wa mwalimu mkuu peke yake huondoka naye siku anapohamishwa.

Hatua ya tatu: andikeni makubaliano

Kurasa mbili zinatosha, mradi ziwe katika lugha ambayo walezi wanaisoma bila mkalimani. Tajeni siku, saa, anayeshika ufunguo, namna ya kuvunja makubaliano kwa heshima, na muda wa kuyapitia upya. Fedha taslimu zisikabidhiwe mtu mmoja. Nunueni kinachohitajika kwa stakabadhi, na pande zote mbili ziweke saini katika daftari moja.

Hatua ya nne: mlindeni mtoto kabla ya jambo lolote

Kwa kila wanafunzi kumi awepo mwalimu mmoja, na asiwepo mwanafunzi wala mwalimu atakayebaki peke yake na mtoto wa kituo katika chumba kilichofungwa. Kiboko ni marufuku shuleni tangu Sheria ya Watoto iliporekebishwa mwaka 2016, na marufuku hiyo tumeiandika katika makubaliano yetu ili isimamie kituoni vilevile, hata pale mlezi mwenyewe anapotuomba tumchape mtoto msumbufu. Mwalimu akiwa na sababu ya kuamini kwamba mtoto anadhulumiwa, atoe taarifa. Simu ya bure ya Sauti, huduma ya taifa ya msaada kwa watoto, namba 116, imebandikwa ukutani kwetu, na kila mwanafunzi anayejiunga huionyeshwa siku ya kwanza. Kuhusu picha, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa binafsi za mtoto, nasi tumekwenda mbali zaidi kwa kuacha kabisa kupiga picha za nyuso. Mtoto aliyepigwa picha akipokea nguo kuukuu ataendelea kuishi na picha hiyo nguo ile itakapokuwa imechakaa na kutupwa.

Hatua ya tano: ishindeni kalenda

Hapa ndipo ushirikiano mwingi hufia, na ningependa msomaji akae hapa muda mrefu kuliko mahali pengine. Mwaka wetu wa shule una mihula mitatu, na kati ya mmoja na mwingine wanafunzi wa bweni hurudi makwao, wengine mbali sana na Kampala. Likizo ndefu ya Desemba na Januari ndiyo inayoumiza zaidi, maana ndipo watoto wa mtaa ule wa kituo wanapokuwa huru kutwa nzima. Muhula wa tatu nao humezwa na mitihani ya taifa, hivyo kidato cha nne na cha sita wasipewe majukumu ya Jumamosi kuanzia Septemba. Sisi tuliukabidhi mpango kwa kidato cha pili, cha tatu na cha tano, tukawaweka wanafunzi wa kutwa wanaoishi karibu kuwa nguzo ya likizo, na tukawafundisha vijana wanne wa mtaa huohuo kuongoza kipindi cha kusoma bila sisi. Likizo ya kwanza ambayo vijana hao walisimamia wenyewe, mlango wa kituo haukufungwa Jumamosi hata moja, na nilipolisoma daftari la mahudhurio Februari sikujizuia kulia.

Hatua ya sita: shule nayo ijifunze

Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 unawataka wanafunzi wafanye miradi, na kituo ni mahali pa kuifanyia kwa dhati. Akina mama wa kituo chetu waliwafundisha wanafunzi kutengeneza mkaa kwa maganda ya matoke, yaani ndizi za kupika: kuyakausha, kuyachoma kwa hewa kidogo, kuyasaga, kuyakanda kwa uji wa muhogo na kuyafinyanga. Siku hiyo wanafunzi walikaa chini, akina mama wakasimama mbele, na tangu hapo salamu zao zilibadilika pande zote mbili.

Maswali ya wanachama

Mwanachama kutoka Jinja: Mwalimu, shule yetu ni ya serikali na wazazi wetu wenyewe ni maskini. Tutatoa nini?

Jibu: Mna uwanja, mna madarasa yanayokaa matupu Jumamosi, na huenda mna maji safi na choo, vitu ambavyo katika mitaa mingi ya mabondeni hununuliwa. Mna pia wanafunzi wanaojua kusoma. Anzeni kwa asubuhi mbili za Jumamosi kwa mwezi na mzitimize kabla ya kuahidi ya tatu.

Mwanachama kutoka Mbarara: Wazazi wanahofia usalama na magonjwa. Nawajibuje?

Jibu: Usiwabembeleze wala usiwalaumu. Waalike wachache waje kituoni pamoja nawe, waonane na walezi, wajue njia mnayopita na saa mnayorudi, kisha idhini ya kila mzazi iwe ya maandishi. Kwetu walioshawishika kwa macho yao ndio waliowashawishi wenzao.

Mwanachama kutoka Arua: Kituo chetu kina watoto wa Kikongo na wa Sudan Kusini. Tufundishe kwa lugha gani?

Jibu: Anzeni kwa lugha ambayo mtoto anaweza kuitumia kuuliza swali. Watoto wengi wanaotoka mashariki mwa Kongo huja na Kiswahili tayari, na tangu Baraza la Mawaziri liamue Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, watoto hao wanaweza kuwasahihisha wanafunzi wenu matamshi. Wapeni nafasi hiyo ya kufundisha. Kiingereza kifuate, kwa vitabu vyepesi, wakati mtoto amekwisha kuzoea kwamba akizungumza atasikilizwa.

Mwanachama kutoka Kampala: Mfadhili wetu anataka picha za watoto kila mwezi, la sivyo ataacha kutuma vitabu. Tufanye nini?

Jibu: Mpelekeeni nakala ya daftari la mahudhurio iliyofichwa majina, michoro ambayo watoto wameikubali itoke, na picha ya rafu yenye vitabu alivyotuma. Mwelezeni sheria kwa upole. Mfadhili wetu mmoja alikubali, mwingine akaacha kutuma, na tuliazima vitabu vya maktaba ya shule muhula mzima, tukavirudisha kila Jumamosi saa saba vikiwa vimehesabiwa.