Benki yenu inataka kujitolea kwa jamii? Soma hii kabla hamjachapisha fulana

Kama umepewa kazi ya kuratibu siku ya kujitolea ya benki yenu na kitu cha kwanza ulichoulizwa ni saizi za fulana, tulia kwanza. Mi nimeifanya hii kazi miaka kadhaa, tumepaka rangi kuta ambazo hazikuwa na shida yoyote, tumepanda miti ambayo hakuna mtu aliyepangiwa kuimwagilia, yaani mengi ya hapa nimeyajua kwa kuchemsha.

Anza kwa kujiuliza benki ina nini ambacho wengine hawana. Kupaka rangi kila mtu anaweza, na fundi anapaka vizuri kuliko sisi. Lakini mtu anayejua kusoma mkataba wa mkopo mstari kwa mstari, kufunga hesabu za mwezi, kushtukia risiti ya kughushi, kumkalisha mwenye biashara ndogo na kumuonesha hela yake inavujia wapi, watu hao mnao wamejaa hapo tawini. Marekani kuna sheria ya mwaka 1977 inayozitaka benki zihudumie pia maeneo ya watu wa kipato cha chini kule zinakochukua amana, na wakaguzi wake kwa miaka mingi wamekuwa wakiangalia kujitolea kunakohusu mambo ya fedha, ukiwa mweka hazina wa shirika la jamii bila malipo inahesabika, ukienda kufyeka nyasi huo ni wema wako tu. India nako sheria ya kampuni ya 2013 inazitaka kampuni kubwa zitumie asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka 3 iliyopita kwa jamii, ila muda wa wafanyakazi hauruhusiwi kugeuzwa hela ukaingizwa kwenye hiyo hesabu. Kwahiyo soma sheria ya mahali ulipo kabla hujamwahidi bosi kwamba masaa yataonekana kwenye ripoti.

Baada ya hapo nenda ukaulize. Nenda mwenyewe, bila kamera, wiki kadhaa kabla, ukae na watu muongee. Kuna mwaka tulienda kufundisha kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, tukabeba slaidi 40 za umuhimu wa kuweka akiba. Tumefika tukakuta wana sanduku la chuma lenye kufuli 3, funguo wanashika watu 3 tofauti, hesabu zinasomwa kwa sauti mbele ya wote na kila mtu anakumbuka salio la mkutano uliopita kichwani. Mfumo huo ulianzia Niger mwaka 1991 na shirika la CARE ukasambaa nchi kibao. Sisi benki stroongi rumu yetu, kile chumba cha kuhifadhia hela, inafunguliwa na watu wawili, wao wanataka watatu, sasa hapo nani amfundishe nani? Slaidi hatukuzifungua. Mweka hazina wao, mama mtu mzima, akaniambia mwanangu sisi kuweka tunajua, tuambie kwanini ile akaunti yetu benki kwenu inakatwa kila mwezi na hatujaigusa. Tulikuwa watu 12 pale na hakuna aliyekuwa na jibu.

Kilichowasaidia baadaye kilikuwa kidogo sana: keshia wetu mmoja alikaa nao mara 4 wakasoma pamoja karatasi ya makato, wakajua ni akaunti ipi inawafaa na jinsi ya kuandika barua ya malalamiko. Mtu mmoja, mara 4. Ile bajeti ya basi na bango ingelipia hayo mara nyingi tu.

Na hapa kuna mtego mkubwa, mtaombwa na watu wa mauzo mbebe fomu za kufungulia akaunti. Kataeni. Mtu akija kukufundisha mambo ya mikopo halafu mwisho anatoa fomu ya mkopo, hayo yalikuwa matangazo na watu wanajua. Akiuliza mwenyewe muelekeze tawini siku nyingine. Weka na sheria za wazi kwa wafanyakazi: hakuna kushika hela ya kikundi hata kama wanakuamini, hakuna kuwa msaini wa akaunti yao, hakuna kuzungumzia akaunti ya mteja hata kama yuko hapo hapo anacheka na wewe, na kama umo kwenye bodi ya shirika linaloomba msaada au mkopo benki kwenu unasema mapema na unatoka kwenye maamuzi. Kwa watoto, mtu mzima asibaki peke yake na mtoto, na picha hazipigwi mpaka mzazi au shule iruhusu.

Sasa upande wa tawi, maana mipango mingi inafia hapa. Usipange mwisho wa mwezi wala siku za mishahara, meneja wa tawi atakuitikia ndio ndio na siku ikifika haji mtu. Usichukue wote wanaoshika funguo za stroongi rumu kwa pamoja (usicheke, imetokea). Bora mwende wawili watatu kwa zamu mwaka mzima kuliko tawi zima siku moja, na muda uwe wa kazi na uandikwe rasmi, siku moja au mbili kwa mwaka kwa kila mtu ni mwanzo mzuri. Ukiwaambia watu wajitolee Jumamosi yao na mahudhurio yanachukuliwa na bosi, hiyo ni kazi ya bure umeibadilisha jina. Asiyetaka kwenda aachwe, na isiingie kwenye tathmini yake ya mwaka.

Hela nayo isiende njia yake peke yake. Kuna idara inaandika hundi za misaada huku nyingine inapeleka wafanyakazi na hazijawahi kuongea. Ziunganisheni: pale watu wenu wanapojitolea kwa muda ndo penye taarifa za kweli za nani anahitaji nini. Mkitoa, toeni kwa miaka 2 au 3 badala ya mara moja, na mkubali kulipia vitu visivyopigwa picha vizuri kama mshahara wa mhasibu, umeme, matengenezo. Kila mfadhili anataka jina lake kwenye jengo, bili ya jengo hakuna anayeitaka.

Kwenye kupima, masaa na idadi ya watu vihesabu ndio, viko rahisi, ila havitoshi. Rudi baada ya miezi 6 uulize swali ambalo jibu lake linaweza kukuaibisha. Kikundi bado kinaandika vitabu vyake? Wale vijana uliowafundisha bajeti wangapi wameifuata hata mwezi mmoja? Ripoti yangu ya kwanza ilijaa masaa na nyuso zinatabasamu, ya tatu ilikuwa na ukurasa mmoja unaosema shule mbili kati ya tano ziliacha kabisa kutumia tulichowafundisha na kwanini waliacha, na hiyo ndo pekee ambayo wakurugenzi waliisoma mpaka mwisho.

Lile swali la makato nalo msiliache njiani. Tengeneza njia ya maswali ya watu kufika idara inayohusika, hata iwe faili moja la Eksel lenye tarehe, swali na nani amejibu. La yule mama lilichukua miezi 7 na barua pepe sijui ngapi, mwisho akaunti za vikundi zikaondolewa makato ya mwezi. Nilienda kumwambia mwenyewe. Akauliza, na zile mlizokwisha kata?