Somo: Kuongeza mwendo wa ngalawa bila kuongeza tanga

Kusi likishika, ubishi wa vijana wa Msangamkuu na Mikindani huwa ni ukubwa wa tanga. Mimi nasema tanga ndilo la mwisho kuguswa. Ngalawa yenye tanga kubwa hulala upande, maji yanaingia, nahodha analegeza demani (kamba ya kuvutia tanga), na ule upepo uliokuwa unautamani wote umeumwaga. Mwendo hupotelea mahali pawili: kwenye wimbi ambalo chombo chenyewe kinalichimba, na kwenye kulala. Tuanze.

Hatua ya 1: Jua ulipo sasa

Washa GPS ya simu, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, pita njia moja kwenda na kurudi maji yakiwa yamesimama. Ukipima mkondo ukikusukuma kutoka ghuba ya Mikindani, utajidanganya.

Kisha piga hesabu. Chukua urefu wa chombo pale kinapogusa maji, kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.5. Jibu ni kilomita kwa saa, kiwango ambacho chombo hukipita kwa taabu. Chombo cha mita 4 kinapata 9, cha mita 9 kinapata 13 na nusu. Hapo ndipo mawimbi ya omo (mbele) na ya tezi (nyuma) yanapokibana, kikawa kama kinapanda mlima wake chenyewe. Chombo chembamba hukiuka kiwango hiki, na ngalawa ni nyembamba. Mashua pana iliyojaa mzigo haikiuki hata ukiishonea tanga la jahazi.

Hatua ya 2: Tumbo la chombo

Kwangua chaza, paka deheni (mafuta ya kuzuia maji) upya, piga msasa. Hapa hakuna maajabu, ila ukiruka hatua hii usiendelee na nyingine.

Hatua ya 3: Geuza mirengu iwe mabawa

Hapa ndipo penye utamu. Wengi wanadhani ubao wa mrengu, ule uliofungwa kwa miti pembeni mwa ngalawa, kazi yake ni kuelea. Uangalie vizuri chombo kikiwa mbioni: ule ubao hauelei, unateleza juu ya maji na kusukumwa juu na mwendo wenyewe. Babu zetu walishafika nusu ya njia.

Nusu iliyobaki aliifanyia kazi Edmond Bruce, mtafiti wa Marekani: ubao unaozama majini, ukiwa umeinamishwa. Chombo cha tanga siku zote huenda mshazari kidogo, kinapelekwa pembeni na upepo. Ubao ulioinama ukikutana na ule mshazari, unasukuma kwa pembe: sehemu ya nguvu inazuia chombo kupelekwa pembeni, sehemu nyingine inakizuia kulala. Ukipanga vipimo sawasawa, nguvu ya tanga na nguvu ya ubao zinafutana, chombo kinabaki wima bila jiwe la farumi (uzito wa kutuliza chombo) wala mtu wa kukaa pembeni.

Vipimo ni hivi. Kisia kimo cha katikati ya tanga kutoka majini, tuseme mita 2. Ubao ukae mita 2 kutoka katikati ya ngalawa, uinamishwe nyuzi 45, ukingo wa chini ukielekea kwenye chombo. Pande zote mbili vivyo hivyo. Ukiinamisha kinyume, utakuwa umetengeneza mashine ya kupindua ngalawa. Miti ya mirengu ikiwa mifupi kuliko kimo cha tanga, laza ubao zaidi.

Tumia ubao mgumu wa urefu wa mita moja hivi na upana wa sentimita 25. Ukingo wa mbele uwe wa mviringo, wa nyuma uchongwe mpaka uwe mwembamba. Usipige misumari. Funga kwa kamba, kisha pachika kabari ndogo ya mti kati ya ubao na mti wa mrengu. Ukiigonga kabari kidogo, pembe inabadilika, ukiichomoa, inarudi. Misumari haikupi nafasi hiyo, na pembe ya kwanza haiwi sahihi.

Hatua ya 4: Tanga

Badala ya kulikuza, lishushe. Kila sentimita unayoshusha katikati ya tanga inapunguza kulala. Turubai lisilopitisha hewa linashinda kitambaa cha pamba kilichochakaa.

Hatua ya 5: Kunyanyua chombo chote (kwa wenye kichwa kigumu)

Mabawa yaliyolala chini ya chombo, kama ya ndege. Nguvu ya kunyanyua huongezeka kwa mraba wa mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Kwa hesabu yangu, kunyanyua kilo 400 kwa kilomita 18 na nusu kwa saa kunahitaji mabawa ya jumla ya mita mraba 0.6 hivi. Kwa nusu ya mwendo huo, mabawa yaleyale yatabeba kilo 100 tu. Kwa hiyo ngalawa nzito isiyofika mwendo wa kuondokea itayaburuta tu. Ukiwa na matenga ya samaki, sahau.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Kilwa Masoko: Fundi, nimesikia kuna chombo cha tanga kilipita kilomita 100 kwa saa. Kweli au porojo?

Kweli kabisa, kaka. Paul Larsen, mwezi Novemba 2012, Walvis Bay kule Namibia, akiwa na Vestas Sailrocket 2: wastani wa noti (maili za baharini kwa saa) 65.45 katika mita 500, yaani kilomita 121 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya upepo uliokuwepo. Siri yake ni ndugu wa hatua ya 3: tanga liliinamishwa na kuwekwa mbali na mwili wa chombo, na bawa la majini likaelekezwa lipingane nalo moja kwa moja. Shida iliyobaki ilikuwa maji kuchemka kwenye bawa kwa kukosa mgandamizo, jambo linalowasumbua wengi kuanzia kilomita 90 na kitu. Wewe na mimi hatutafika huko.

Kutoka Lindi mjini: Nina mashua, haina mirengu. Nimeachwa?

Hujaachwa. Funga kamba juu ya mlingoti, baharia avae mkanda, asimame ukingoni na kuning'inia nje. Waingereza Peter Scott na John Winter walishinda mashindano kwa mbinu hiyo mwaka 1938, kisha ikapigwa marufuku kwa miaka mingi. Chagua baharia asiyeogopa maji.

Kutoka Kitunda: Si ufunge mashine tu, mzee?

Petroli utanilipia wewe?

Kutoka Msimbati: Shikamoo fundi. Huku kwetu kuna kamba za mwani na nyavu. Huo ubao si utanasa?

Marahaba. Utanasa, tena vibaya, na ukisimama ghafla mti wa mrengu unavunjika. Kamba ya mbele ya ubao iwe nyembamba kuliko ya nyuma, ikatike yenyewe na ubao ulale nyuma. Na usijaribu kwenye mashamba ya mwani ya akina mama; toka nje ya mwamba, maji yakiwa yamejaa, na chombo kingine kikufuate.